Wakulima wa Kwanza Walifikaje Huku? Hesabu ya Shamba Linalosogea

Leo katika kipindi chetu hatutazungumzia mbolea wala dawa ya viwavi. Tutazungumza namna kilimo chenyewe kilivyofika huku kwetu, na namna wataalamu wanavyokadiria kwa hesabu mwendo wa watu walioishi zamani sana, kabla ya maandishi. Wapo watakaouliza, "Mambo ya miaka elfu mbili yana kazi gani na jembe langu?" Subirini kidogo. Hesabu yenyewe ni ya mtoto anayekua na kutafuta shamba lake, na jambo hilo hakuna mzazi asiyelijua.

Tuanzie Tabora. Chukueni jina la Mtendeni. Maana yake ni penye mtende, na mtende si mti wa porini Unyamwezi. Ni mti wa nchi za Waarabu, uliofuata watu kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji nayo ni ya njia hiyo hiyo. Mchele ulipata nguvu Unyanyembe katika karne ya 19 kwa watu wa pwani waliohamia huko. Mahindi na muhogo ni wageni wa mbali zaidi: asili yake ni Amerika, na mbegu zake hazikufika Afrika ila baada ya mwaka 1500, katika merikebu za Wareno.

Sasa angalieni. Mnyamwezi aliyepanda mahindi hakutoka Amerika. Mbegu ilisafiri, mtu akabaki kwao. Hiyo ni namna moja ya kilimo kuenea: jirani anaona, anaomba mbegu, anapanda. Namna ya pili ni mtu mwenyewe kuhama na jembe lake, kibuyu chake cha mbegu, kuku wake na lugha yake. Wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya namna hizi mbili, na kila bara lina majibu yake. Kwa upande wetu wa Afrika, kilimo cha zamani kabisa kilikuja zaidi kwa namna ya pili.

Ushahidi mmoja mnao mdomoni. Neno "lima" linalimwa na Mnyamwezi, Msukuma na Mswahili wa pwani, na ukienda hadi Afrika Kusini utalikuta kwa Wazulu, nao wakisema "lima". Mbuzi kwao ni "imbuzi". Lugha hizi za Kibantu ni mamia kwa hesabu, na wachunguzi wa lugha wanakubaliana kwamba mama yao alizungumzwa sehemu za mpaka wa Nigeria na Kamerun wa leo, kiasi cha miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Kutoka huko hadi Tabora ni mbali, ndugu zangu. Nani aliwaongoza?

Jibu la hesabu ni kwamba hakuhitajika kiongozi. Haikuhitajika vita wala amri ya kuhama.

Tufanye mfano. Mzee ana shamba la mtama katika ardhi nzuri. Ana vijana watano. Wawili wanabaki karibu na baba, kwa sababu shamba la baba linatosha. Mmoja anaoa kijiji cha pili. Wa nne anakwenda mwendo wa siku moja, penye bonde alilowahi kuliona akiwinda. Wa tano anapotelea mbali. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mimi naenda kueneza kilimo." Lakini rudieni jambo hilo kila kizazi. Nyuma ardhi inajaa, na aliyezaliwa katikati hana pa kupanuka. Aliye pembeni, anayepakana na pori, ndiye mwenye nafasi, kwa hiyo ndiye anayezaa watoto watakaosogeza mpaka wa mashamba mbele. Mpaka huo unasogea kama moto wa kuchoma pori. Majani hayaendi popote, bali moto unapita kutoka jani moja hadi jingine.

Mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Uingereza, R. A. Fisher, aliandika hesabu ya namna jambo lenye faida, linalorithiwa na watoto, linavyosambaa kutoka mahali hadi mahali. Aliliita wimbi la kusonga mbele. Mwaka 1971 Albert Ammerman na L. L. Cavalli-Sforza wakaipeleka hesabu ya wimbi kwa wakulima wa kwanza wa Ulaya. Walikusanya umri wa makazi ya zamani yaliyochimbwa, kuanzia Mashariki ya Kati hadi Uingereza, wakapima umbali, wakagawanya. Wakakuta kwamba kilimo kilisogea kwa wastani wa kilometa 1 hivi kwa mwaka. Kilometa moja tu! Mtu mzima anaitembea kwa robo saa.

Hapo likazuka swali: je, kuhama kwa kawaida kwa watoto wa wakulima kunatosha kuleta mwendo huo? Ili kujibu walihitaji kujua wakulima wa jembe la mkono huhama umbali gani katika kizazi kimoja. Ulaya ya leo haina wakulima wa namna hiyo. Basi wakatumia takwimu za Wamajangir, watu wa misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia, ambao walikuwa wakilima kwa kufyeka na kuhama. Kwa hiyo, ndugu wakulima, mambo ya kale ya Ulaya yalipimwa kwa nyayo za wakulima wa Afrika Mashariki. Ni vizuri tukumbuke hilo tunapoambiwa kwamba elimu hutoka upande mmoja tu.

Haya, twende kwenye hesabu. Msiogope, tutakwenda polepole. Kuna vitu vitatu. Kwanza, ongezeko la watu kwa mwaka. Watu waliopata ardhi mpya na nzuri wanaweza kuongezeka kwa kiasi cha watu 3.2 katika kila 100. Idadi hiyo si ya ndoto: Tanzania yenyewe, kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Pili, urefu wa kizazi, yaani miaka tangu mzazi kuzaliwa hadi watoto wake kuzaliwa. Tuweke miaka 25. Tatu, umbali kutoka mahali mzazi alipokaa hadi mahali mtoto alipokwenda kukaa. Kwa Wamajangir ilipatikana kilometa 39 hivi.

Chukua 0.032, gawanya kwa 25. Unapata 0.00128. Tafuta kipeuo cha pili cha hiyo, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakupa hiyo, kama vile kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Hapa ni 0.0358. Zidisha kwa kilometa 39. Jibu ni kilometa 1.4 kwa mwaka.

Limezidi kidogo. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Fort na Méndez, walieleza sababu, nayo ni rahisi mno kiasi kwamba mama yeyote angeweza kuwaambia: mtoto hahami siku anapozaliwa! Lazima akue kwanza. Hesabu ya zamani ilimfanya mtoto mchanga aanze safari mara moja. Ukiweka muda wa kungoja akue, jibu la kwanza linagawanywa kwa 1.4, na unabaki na kilometa 1 kwa mwaka. Ndiyo ile ile iliyopimwa kwenye makazi ya kale.

Ukiichezea hesabu hii utaona jambo ambalo wengi hawalitegemei. Punguza ongezeko la watu hadi nusu, liwe 1.6 katika 100. Je, mwendo utapungua nusu? Hapana. Utashuka hadi kilometa 0.8 tu. Lakini punguza umbali wa kuhama hadi nusu, na mwendo unaanguka nusu nzima. Maana yake ni kwamba katika kueneza mashamba, miguu ina nguvu kuliko uzazi.

Tena si miguu ya kila mtu. Wastani unaotumika hapa si ule wa kawaida. Kila umbali unazidishwa kwa yenyewe kwanza, halafu unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya watoto, ndipo unatafuta kipeuo cha pili. Tuseme vijana kumi wamehama. Tisa wako kilometa 2 kutoka kwa wazazi. Mmoja amekwenda kilometa 100. Kwa wastani huu unapata karibu kilometa 32, na mpaka wa mashamba unasogea kilometa 0.8 kwa mwaka. Sasa mrudishe yule mmoja nyumbani, naye akae kilometa 2 kama wenzake. Mpaka utasogea mita 50 hivi kwa mwaka. Yule kijana anayelaumiwa kijijini kwamba ametoroka, hesabu inamwita yeye ndiye wimbi.

Mkitaka, fanyeni hesabu hii kijijini kwenu. Andikeni umbali wa kila mtoto mkubwa aliyeanzisha shamba lake, tafuteni wastani wa namna hiyo, kisha gawanyeni kwa 39. Jibu ni kilometa ambazo mashamba ya watu wenu yangesogea kila mwaka, kama ongezeko ni hilo la 3.2 na kama mbele kuna nafasi. Shikeni hayo maneno, kama mbele kuna nafasi. Tutayarudia.

Je, nchi yetu inaitii hesabu hii? Tuangalie ardhini. Mkulima wa kale haachi barua, lakini anaacha vigae vya vyungu, takataka za kuyeyushia chuma na makaa. Makaa yana aina ya kaboni inayopungua kwa mwendo unaojulikana, nusu yake ikiisha kwa miaka 5,730 hivi. Ukipima iliyobaki unajua moto ulizimika lini.

Kuzunguka Ziwa Victoria, pamoja na Buhaya, kuna vyungu vinavyoitwa vya Urewe, kwa jina la mahali huko Kenya ya magharibi. Watu wake walifua chuma, nao walianza kuonekana kiasi cha miaka 500 kabla ya Kristo. Katika pango la Kakapel, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, imepatikana punje ya kunde yenye miaka kama 2,300. Wakulima wa kunde wanaonisikiliza, mbegu yenu ina ukoo mkubwa.

Sasa njooni kusini, kwenye njia yetu ya misafara, kati ya Tabora na Ujiji. Pale Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo wapagazi wote walizijua. Uchimbaji uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi ilichemshwa pale tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Kutoka Bukoba hadi Uvinza ni kilometa 450 hivi kwa mstari ulionyooka. Ukigawanya kwa miaka elfu moja, mwendo haufiki hata nusu kilometa kwa mwaka. Ni kweli kwamba hiyo ni tarehe ya chumvi. Mkulima wa kwanza huenda alitangulia, na mwendo wake ukawa mkubwa kuliko huo. Lakini pwani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Vyungu vya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, ni vya karne ya 3 hivi. Vyungu ndugu zake vimekutwa karibu na Tzaneen, kaskazini mwa Afrika Kusini, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka Kwale, na umri wake unakaribiana sana na ule wa Kwale. Hata ukiwapa watu hao miaka 200 mizima, ni kilometa 10 kwa mwaka. Mara kumi ya Ulaya!

Kwa kanuni yetu, ili mwendo uwe mara kumi, umbali wa kuhama nao uwe mara kumi. Kila kizazi kingetakiwa kuhama kilometa 390, karibu sawa na kutoka Tabora hadi Dodoma kwa treni. Hapo hesabu inakuambia kwamba hawa hawakuwa wakisogea shamba kwa shamba. Walikuwa wakiruka. Walichagua sehemu nzuri, penye maji na udongo waliouzoea, wakaacha katikati pakiwa na nafasi, wengine wakaja kujaza baadaye.

Mnaona faida ya kanuni? Inapokubaliana na ardhi inakueleza jambo. Inapokataa inakueleza jambo kubwa zaidi.

Kwa nini upande mmoja watu waruke na upande mwingine watambae? Mkulima anajua. Mbegu ya mahali penye mvua nyingi ukiipeleka penye kiangazi kirefu inakuaibisha. Uchunguzi wa lugha za Kibantu uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wahamaji walipenda kufuata nchi inayofanana na waliyotoka, na walipokutana na nchi ya namna nyingine walichelewa kwa wastani wa miaka 300. Miaka mia tatu ya kujifunza mvua mpya! Na mtu anayeijua miombo ya Tabora anajua kizuizi kingine: mbung'o. Penye mbung'o ng'ombe hakai, na mtu naye ana hatari ya malale.

Sasa nirudi kwenye lile neno nafasi. Kanuni hii ina kasoro ambayo mimi naiona ni kubwa. Inamhesabu mtu asiyelima kama si mtu. Inaandika mbele ya mkulima ardhi tupu. Lakini ardhi haikuwa tupu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi na Wasandawe wa Chemba ni watu ambao mababu zao walikuwa katika nchi hii kabla ya wasemaji wa Kibantu, wakiishi kwa kuwinda na kuchuma. Kondoo na ng'ombe nao walifika na wafugaji kutoka kaskazini kabla ya wakulima hawa. Mahali pengine walioana na kuchanganyika. Mahali pengine haikuwa hivyo. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa Malawi, na ikaonekana kwamba katika damu ya watu wanaokaa huko leo, urithi wa wale wawindaji karibu haupo. Katika hesabu wimbi lilipita vizuri. Ardhini kuna watu waliotoweka.

Sisi wenyewe tunalibeba wimbi hilo mwilini. Uchunguzi mwingine wa urithi, uliotolewa mwaka 2024, ulikuta kwamba kadiri unavyokwenda mbali na Afrika Magharibi, ndivyo tofauti za urithi miongoni mwa wasemaji wa Kibantu zinavyopungua. Ni kama mtu anayejaza kibuyu cha mbegu kutoka ghala kubwa, mwanawe anachukua kidogo kutoka kibuyu hicho, na mjukuu anachukua kidogo zaidi. Kila safari baadhi ya mbegu zinabaki nyuma.

Na leo? Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu milioni 2.29 katika sensa ya mwaka 2012, na milioni 3.39 mwaka 2022. Huo ni mwendo wa asilimia 4 hivi kwa mwaka, zaidi ya taifa zima, na mwendo wa namna hiyo unazidisha watu mara mbili kwa miaka 18. Si uzazi peke yake. Wengi wamekuja kutoka kaskazini, wakiwamo Wasukuma na mifugo yao, ambao kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakielekea Tabora, Katavi, Rukwa, Usangu hadi bonde la Kilombero. Wao ni warukaji, kama wale wa Kwale.

Lakini wimbi la leo linagonga mahali. Mbele yake kuna misitu ya hifadhi yenye mizinga ya watu, kuna mashamba ya wenyeji, kuna Ugalla, ambayo tangu mwaka 2019 ni hifadhi ya taifa. Zamani aliyekosa nafasi alisogea. Sasa akisogea anamkuta mwenzake, au askari wa wanyamapori. Ongezeko ambalo lingesukuma mpaka mbele linarudi ndani ya shamba lile lile, na kitu cha kwanza kinacholiwa ni miaka ya kupumzisha ardhi. Pori lililokuwa likiachwa miaka kumi linaachwa mitatu, kisha haliachwi.

Kuna mahali katika nchi yetu ambapo hesabu hii ilikwisha zamani: kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya Ukerewe. Kisiwa hakina mbele. Wakara walipojaa hawakuwa na pori la kuhamia, basi wakaingia ndani ya ardhi yao. Walifungia ng'ombe nyumbani, wakawaletea majani, wakakusanya samadi na kuitia shambani. Ndani ya uwele walipanda marejea, wakayafukia udongoni kuwa mbolea. Walijenga kingo za mawe kuzuia udongo usiteremke. Wataalamu wa kilimo walikwenda kuwatazama katika karne ya 20 na kuandika juu yao kwa mshangao, maana hayo yote waliyafanya bila kufundishwa na ofisi yoyote.

Na wataalamu hao waliona jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito kuliko lile la kwanza. Wakara waliohama kisiwani na kupata mashamba bara, kwenye nafasi, waliyajua yote hayo kwa mikono yao. Lakini walipofika bara wengi wao waliacha samadi, wakaacha marejea, wakalima kwa upana kama majirani zao. Penye ardhi mbele, mtu yule yule mwenye ujuzi ule ule alichagua miguu.

Wiki ijayo tutaeleza namna ya kupanda marejea na wakati wa kuyafukia. Kwaherini.